Ukungu

Isyonje tuna neno moja kwa vitu vitatu.
Ukungu ni ule unaoshuka alfajiri toka Uporoto,
ukameza ng'ombe miguu, ukatuachia migongo.
Ukungu ni ule unaochoma majani ya viazi
usiku mmoja, shamba likanuka kama gunia lililolowa.
Na ukungu ulikuwa kinywani mwa Atuganile,
mweupe, juu ya ulimi, mwezi wa sita,
baada ya sindano ya tatu.

Akakataa uji. Akakataa hata kiazi cha kuchoma,
mtoto wa viazi.
Nikashuka Uyole, duka la dawa lenye mlango wa kijani,
nikasema: mtoto ana fangasi mdomoni.
Kijana hakuuliza kitu. Nami sikusema kitu.
Vidonge nusu buluu nusu waridi, vizuri kama peremende,
elfu kumi na nne,
bei ya debe la viazi siku ile.

Ulimi ukatakata.
Nikajiona daktari, Mungu anisamehe.

Siku ya tano tumbo likawa gumu kama ngoma.
Siku ya saba taya likamuuma hata kwa kunywa maji.
Siku ya tisa akashindwa kufunga vifungo vya sweta,
akaniletea kifua chake, kimya, nimfungie.
Kisha nikausikia mguu
pa, pa, pa kwenye sakafu,
unyayo unaoanguka badala ya kukanyaga,
kama kandambili isiyo na mtu.

Rufaa, Mbeya. Wadi ya watoto.
Mfamasia Kihwele, Mhehe mwenye sauti ya chini,
hakufungua faili kwanza. Alisema:
"Baba Atu, mwaga mfuko wote mezani."
Nikamwaga. Panado. Chupa ya mizizi ya mama yangu,
ambayo nilikuwa nimeapa haipo.
Vidonge vya buluu na waridi.

Akavitenga kwa kidole, kama anayechambua mchele.
"Ile sindano ya Alhamisi," akasema, "ni kali kwa saratani,
na ni kali kwa mishipa ya fahamu vilevile.
Ini ndilo huitoa nje, taratibu.
Hivi vimekaa mlangoni.
Sindano imemaliza kazi, inataka kwenda zake,
haina pa kupitia. Inazunguka humo humo,
inamla miguu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Maana mimi ninajua. Mimi wa bomba la lita kumi na sita,
mimi niliyemfukuza kibarua mwaka juzi
kwa kuchanganya dawa ya ukungu na dawa ya wadudu
bila kuuliza,
maji yakakatika kama mtindi,
nusu ekari ikaungua majani.
Nilimwambia: dawa mbili nzuri ndani ya bomba moja
si lazima ziwe nzuri.
Nilimwambia kwa kelele, kijiji kizima kikasikia.
Alikuwa Ambokile, mtoto wa dada yangu.

Sindano zikasimamishwa wiki tatu.
Sikujua kipi cha kuogopa zaidi,
sumu iliyobaki au ugonjwa unaongojea zamu.
Mama yangu alikaa miguuni pa kitanda
akikanda vidole vyake kimoja kimoja,
bila kuniuliza kuhusu ile chupa.

Sasa tuna daftari. Kila kitu kinaandikwa,
hata mchaichai,
na kabla hakijafika mdomoni tunapiga simu.
Kihwele hupokea hata akiwa sokoni Mwanjelwa,
nyuma yake watu wanagombania nyanya.
Mara nyingi husema, mpe.
Mara mbili amesema, subiri.

Mguu wa kushoto bado unaburuta kidogo kukiwa na baridi,
na huku kwetu baridi haina likizo.
Jana nilikuwa nachanganya dawa kando ya mfereji.
Atuganile alisimama mbali, upande upepo unakotoka,
skafu kichwani, akapaza sauti:
"Baba, umeuliza?"

Nikaweka kikombe chini.
Aliyekuwa karibu ni Ambokile.
Nikamuuliza.