Mshono

Kila Oktoba, kabla barafu haijaanza kuyauma madirisha,
baba alitandika gazeti juu ya meza ya jikoni
akazipanga buti zetu jozi kwa jozi:
zake, zenye visigino vilivyolika upande wa nje,
za mama, nyekundu, za kwendea dansi mjini Ord,
na zangu, ndogo, ncha zimechubuka
kwa kuupiga mateke mlango wa zizi.

Kwanza kitambaa chenye unyevu. Kisha sabuni ya matandiko.
Kisha subira. "Usipake mafuta juu ya uchafu," alisema,
"utakuwa umeyakaribisha matope yalale ndani."
Nta aliiyeyusha kwenye kijiko, akaipaka kwa kidole,
maana kidole, alidai, kina joto ambalo brashi hailijui.
Polepole, mizunguko midogo,
kama anayembembeleza ndama mgonjwa:
kwenye shingo ya buti, kwenye mikunjo ya kifundo,
na mwisho, kwa ncha ya ukucha, ule mstari mwembamba
pale ngozi inapokutana na soli.
"Mshono, Zdenka. Maji hayana haraka. Yanatafuta mshono."

Sijawahi kumsikia akisema ananipenda.
Nilisikia mshono.

Tulikuwa na ng'ombe mia mbili na kumi
kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska,
na ndama huzaliwa Machi, mwezi usio na adabu:
asubuhi theluji, adhuhuri tope,
jioni mvua yenye vipande vya barafu ndani yake.
Ungetoka na tochi saa tisa usiku,
uzame hadi nusu ya muundi, urudi,
uzivue mlangoni kwa ule ubao wenye pengo la kunasia kisigino,
na soksi zako ni kavu.
Majirani walivaa buti za mpira. Baba aliutazama mpira
kama kasisi anavyoitazama kamari.

Sheria isiyojadiliwa ilikuwa moja:
buti iliyolowa haikaribishwi motoni.
Ijaze magazeti, ibadilishie magazeti, ilaze ubavu,
mbali na jiko, uiache ikauke kwa hiari yake.
Mjomba Ladislav aliwahi kuzianika zake juu ya jiko la kuni,
zikapasukapasuka kama kitanda cha mto uliokufa,
na baba hakumsemesha mpaka Pasaka.

Ngozi ivute ingali maji, wanasema.
Hakuna aliyesema uioke.

Kwa hiyo mwaka ule mto wa Loup ulipovunja kingo,
aliporudi amelowa hadi mkanda, ndama mmoja mabegani,
hatukushangaa. Tulishangaa baadaye,
harufu ilipoanza. Si mkate. Si nywele.
Mama akafungua oveni.
Zilikuwa mle, zimesimama wima, mguu kwa mguu,
kwa heshima, kama zinazongoja kuitwa,
na baba ameketi mezani, miguu mitupu,
akauliza kwa upole iwapo chakula kiko tayari.

Tulikuwa tumekwisha kula.

Ndivyo tulivyojua. Daktari wa Grand Island
alikuja kutupa jina lake miezi minne baadaye,
kwenye karatasi, kwa wino wa buluu.

Sasa Oktoba ni yangu.
Natandika gazeti. Yeye hukaa ng'ambo ya meza,
siku nyingine huniita Vlasta, dada yake aliyekufa,
siku nyingine huniuliza nauza nini.
Buti zake haziendi popote. Mpasuko mmoja
umetoka kidoleni mpaka mkunjoni;
nta huingia humo na haionekani tena.
Siziponyi. Najua. Nazipaka.

Leo nilimaliza, nikafunika mkebe, nikafuta mikono.
Akazivuta kwake. Akainua moja hadi kwenye taa,
akapitisha ukucha pale chini, taratibu, mzunguko mzima,
akanirudishia.

"Hapa," alisema. "Bado."

Nikafungua mkebe.