Saba na Nusu

Matairi manne yamelala ubavu uani kwa fundi Semhando,
Makorora, nyuma ya mashine ya kukoboa,
meusi, bado yana vinyweleo vya kiwandani;
la tano, la akiba, kijana wake amelikalia
anakula mihogo na chachandu.

Landrova ya baba imepandishwa juu ya mawe,
haina mguu hata mmoja.
Yeye na mimi tumepishana masika mawili.

Semhando anaizunguka, mikono nyuma,
kama mposaji aliyeonyeshwa binti asiye yule.
"Hii ilizaliwa na mia sita," asema,
"nawe wataka saba na nusu. Haya. Ila gari si kanzu,
ukirefusha huku, kule kunavuta."
Anahesabu kwa kugonga spana:
usukani mzito,
gea ya nne uisahau mlimani,
na ukikata kona hadi mwisho, tairi litalamba madigadi.

Namweleza nilikotoka.
Mwezi wa nne, juu ya Sigi, magunia sita ya iliki,
tope jekundu la Amani limeikumbatia difu,
gari limekaa kama kuku aatamiaye
na magurudumu yanazunguka, yanajichekea.
Nililala humo humo, kichwa kimelewa iliki.
Alfajiri wachuma chai wakanitoa kwa kamba,
pesa wakakataa,
chumvi wakachukua.
"Nataka vidole viwili tu," nasema,
"viwili, kati ya difu na ardhi."

"Basi tukate." Grenda iko mkononi tayari.
Anaweka chaki bawa la kushoto,
pale pale penye bonde.

Bonde lile ni langu.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, klachi naifikia kwa ncha ya kidole,
baba kando ameshika kofia yake, usukani kaniachia,
na kitoroli cha mkonge kimesimama relini, kimya,
kama mgeni angojaye kukaribishwa.
Daftari lake bado limo chini ya dashibodi.
Kila jioni aliandika kilomita, hata zikiwa mbili.
Siku ile:
*41,207. Bawa la kushoto. Lisinyooshwe.*

"Usikate."
"Litalamba."
"Funga boliti za kona, lisifike."
Kijana anaacha kutafuna.
"Utageuza kama lori la nguzo, dada."
"Nitaanza kugeuza mapema."

Wakafunga. Nati zikalia moja moja,
upepo ukaingia, gari likainuka
kwa uzito wa mtu anayeamka msibani.
Semhando akafuta mikono kwa kipande cha kanga.
"Neno moja. Saa ya kilomita itakudanganya.
Yenyewe yahesabu mizunguko, haijui
kwamba mguu sasa unapiga hatua ndefu.
Ukienda kumi, itasema tisa.
Kuna mtu Ngamiani anaweza kuirekebisha."

Nikamkumbuka baba akirudi usiku,
"Nilikuwa hapo Muheza tu,"
na chini ya madigadi udongo wa Handeni
uliokauka ukawa vigae.

"Iache," nikasema.

Daftari sasa naliandika mimi.
Ukurasa wake: *Tanga–Muheza, 38.*
Ukurasa wangu, barabara ile ile, mawe yale yale: *34.*
Sijaongeza kitu pembeni.
Atakayesoma baadaye atadhani
mji umesogea.

Sigi nimepita mara tatu, difu kavu.
Bombo ndiko ninakoteseka:
mbele, nyuma, mbele tena, usukani umenipanda mabegani,
bodaboda zinanipigia honi,
na mwenye duka la simiti ametoka nje
ananielekeza kwa mikono yote miwili,
kila mmoja upande wake.