Sekunde Thelathini, Blaenau

ARAF, imeandikwa kwenye lami kwa rangi nyeupe,
kila kona, kila mteremko, ARAF,
nami nikauliza kwa sauti ndani ya helmeti:
shangazi Arafa amewakosea nini watu wa Wales
hata wamtafute barabara nzima?
Nyuma yangu Thureya akanichoma kiwiko cha mbavu.
"Polepole, baba. Maana yake polepole."

Basi nikapunguza. Gia ya tatu, gia ya pili.
Tangu Telford, tangu zamu ya ghala kuisha saa nane,
nimempakia kama nilivyowapakia
watu wa Korogwe, wenye kuku, wenye magunia,
mmoja na jeneza dogo mapajani,
yule sikumtoza.
Huyu naye halipi. Ameikumbatia kamera ya chuo,
ya kuazima, katikati yetu,
na kila shimo la barabara nalisoma
kwa pembe ya kamera kwenye uti wa mgongo.

Bala tukanywa chai nyepesi kama maji ya kuoshea mchele.
Kisha miti ikaisha.
Ukuta wa mawe, kondoo, ukuta.
Taa yangu ikawatia kondoo macho ya sarafu mpya
na upepo ukapita mikononi mwa koti
ukitafuta pa kulala.

Blaenau ni mlima uliotolewa matumbo.
Kila paa limekatwa humo,
na yaliyosalia yamelundikwa nyuma ya majiko ya watu,
vifusi vya mawe meusi, virefu kuliko kanisa,
vinang'aa mvua ya jana.
Kanisa lenyewe lina bango: linauzwa.
Hapo ndipo alipoifungua miguu mitatu ya kamera.

"Simama chini ya ile taa. Sekunde thelathini.
Usitikisike."

Miaka kumi na saba
nchi hii haijawahi kuniomba nisimame.
Boksi, toroli, boksi, king'ora cha mapumziko,
boksi.
Nikasimama. Sikujua mikono huwekwa wapi.

"Moja," akasema gizani. "Mbili. Tatu."

Kwa Kiswahili. Kiswahili chake ni hicho tu, hesabu:
alikuwa akiruka kamba sebuleni,
bibi yake akihesabu kwenye spika ya simu
kutoka Korogwe, na jogoo wa jirani akidakia.
Hawakuwahi kuvuka thelathini.
Salio halikuruhusu.

Saba, pua ikaniwasha.
Kumi na moja, mzee akapita na mbwa na kurunzi,
akanisalimu kwa lugha yake, wala si Kiingereza,
nikamjibu kwa yangu, maana ilikuwa zamu yangu:
salama, mzee, tazama, Kilimia kinapanda.
Na kidole kikaenda juu chenyewe,
juu ya kifusi, pale nyota zilipojibana
kama wali uliogandia chungu.

"Thelathini. Baba! Umeharibu."

Tukainamia kioo kidogo, pumzi zetu zikikitia ukungu.
Mzee hayumo. Mbwa hayumo.
Umebaki uzi wa kurunzi yake, mweupe, ukikata barabara.
Na mimi: viatu vikali kama mawe,
suruali kamili, mifuko na yote,
halafu kuanzia kifuani
moshi.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.
Kikakaa hapo.
"Ulikuwa unaonyesha nini?"
"Kilimia."
"Kilima?"
"Kilima ni hicho kilicholala. Kilimia ni kile kinachoamka.
Bibi yako alikuwa akikiona, anatafuta jembe."
Akalirudia neno mara mbili, taratibu,
kama mtu anayejaribu kiatu.
Hakuifuta.

"Tena," akasema.
Nikarudi chini ya taa, nikawa boriti.
Mvua nyembamba ikaanza, ya kutojitangaza.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini,
nikasikia lenzi ikifunga kijicho chake, tiki,
naye hakunyamaza.
Thelathini na moja, akasema.
Thelathini na mbili.
Na mimi sikutikisika.