Jiko la Chokaa

Ramani ilikuwa mezani, ofisi ya kata, Muriet,
pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya chai.
Ghorofa nne, nyumba mia na tisini,
kila moja pacha wa mwenzake.
Mhandisi Lyatuu akauliza, "Kuna swali?"
Kimya.
Kisha Ndeshukurwa, anayefunga maua zamu ya usiku kule Usa:
"Karatasi sijui kuisoma.
Nipe jiko lenyewe niingie."

Tukatoka nje. Futikamba nilishika mimi,
msaidizi wa mchoraji, mwezi wa pili kazini.
Nikamwaga chokaa kama wanavyochora uwanja wa mpira:
mita moja na nusu kwa mbili.
Akapita mlangoni, hakuruka ukuta.
Akainama, akageuka na sufuria isiyokuwepo,
kiwiko kikatokeza sebuleni kwa watu.
"Hapa," akasema, "mtoto ameshaungua."

Basi kila mmoja akataka kuingia.
Nasieku alipanda ngazi ya chokaa na ndoo kichwani,
ndoo ya kweli, yenye maji,
akauliza ni nani aliyempima mwanamke akiwa mikono mitupu.
Mwanaidi alitafuta dirisha,
akalikuta limekodolea ukuta wa jirani:
"Nikikoroga uji, wanangu wanacheza upande upi?
Macho yangu mmeyapa mgongo."

Aikande yeye alihesabu hatua
kutoka barabara ya lami hadi mlangoni,
midomo ikicheza bila sauti.
Mia mbili na kumi na mbili.
Taa?
Moja. Getini, ya mlinzi.
Hakuongeza neno. Wenzake wakatazama chini,
na mimi nikajifanya nakunja futikamba.

"Gharama, mama zangu," mhandisi akasema.
"Ipi?" Ndeshukurwa akadakia.
"Ya kwenye karatasi yako, au hii tunayolipa sisi?"

Wa mwisho alikuwa Namsifu, aliyekaa pembeni muda wote.
Kwake matanga hayajaanuliwa,
mashemeji walishahesabu bati.
"Na hati," akauliza, "mtaandika jina la nani?"
Lyatuu akasema hilo si suala la ramani.
"Basi sijui nimeitiwa nini," akajifunga kanga yake.

Mvua ikashuka kutoka Meru, bila kuaga,
jiko, ngazi, dirisha, vyote vikatiririka mtaroni
vyeupe kama maji ya mchele.

Usiku huu nina penseli na kifutio.
Dirisha nimeligeuza. Taa nimepanda kumi na moja.
Nguzo ya kati imekataa kuhama, nimeizunguka.
Hati sijui pa kuichora;
nimeandika jina la Namsifu kwa herufi ndogo, ukingoni,
nikalifuta, nikaliandika tena.

Nyumba mia na tisini zimebaki mia themanini na moja.
Kesho Lyatuu ataniuliza tisa zimekwenda wapi.
Nitamjibu, viatu vyangu bado vina chokaa:
zimo ndani ya kiwiko cha Ndeshukurwa.