Kipilefti

Kule Bukavu tuliendesha kulia.
Miaka kumi na tisa, lori la saruji,
kona za Ngomo, genge likiwa chini yangu,
nilizijua kama ulimi ujuavyo pengo la jino.

Hapa Nakuru, kwenye meza ya mtihani,
wamechora mji mzima juu ya ubao:
barabara nyeusi, mistari myeupe,
kipilefti cha duara kama kisahani cha chai,
na kigari cha kuchezea, chekundu, kimepungukiwa tairi moja.
"Toka hapa, nenda hospitali," akasema Afande Kwamboka.
Kidole changu kikakisukuma kigari
kulia,
moja kwa moja usoni mwa basi la mbao.

Hakucheka. Aliandika tu.
Mkwaruzo wa kalamu ile, wee!
Hata breki za lori zilipokata mteremkoni
sikuwahi kuingiwa na baridi namna ile.

Aliyefuata ni Nabintu.
Nabintu, ambaye hakuwahi kushika usukani
mpaka Machi, kwenye uwanja wa vumbi kule Lanet,
Mwalimu Chelule kando yake akiguguna hindi la kuchoma
na kumwambia, "Mama, klachi si mende,
usiikanyage kwa hasira."
Mikono yake haikuwa na cha kusahau.
Aliambiwa kushoto, akaenda kushoto,
akakizunguka kile kisahani, akafika hospitali,
akaegesha kwa adabu, kama aliyeleta mgonjwa.
Kisha barabarani, ile L nyekundu mgongoni,
akapanda kilima cha kuelekea Menengai,
akasimamishwa katikati, akaondoka tena
bila gari kurudi nyuma hata unene wa ukucha.

Jioni nilipika mimi. Sombe. Nikaiunguza.
Ansima, binti yetu, akauliza,
"Baba, kwani wewe si dereva?"
Ni dereva, mwanangu.
Barabara ndiyo iliyogeuka.

Tukaenda yadi ya Gathogo kuchagua gari.
Mimi nikanasa kwenye Mark II ya buluu,
viti vya ngozi, redio yenye taa kama ukumbi wa harusi.
Nikapiga tairi teke, wafanyavyo wanaume
wasiojua la kuuliza.
Nabintu akafungua kibeti, akatoa sumaku,
ile ya kubana risiti za stima kwenye friji,
akaibandika mlangoni. Ikaanguka.
Akaibandika tena, chini kidogo. Ikaanguka.
"Hii ni puti, si bati," akasema,
na Gathogo akapigiwa simu ya ghafla
ambayo sisi hatukuisikia ikilia.

Tulinunua Probox nyeupe
yenye kovu kwenye bampa na harufu ya vitunguu,
na kilomita ambazo hata Gathogo aliona haya kuzitaja.
Pesa zilikuwa za vitenge vya Nabintu,
za chama cha akina mama wa Free Area,
na zile nilizozishonea ndani ya kola ya koti
usiku tulipovuka mpaka,
nikisema hizi haziguswi, hizi ni za kurudia nyumbani.
Mshono niliufumua mwenyewe, kwa wembe.
Nyuzi zilikuwa zimeoza tayari.

Asubuhi ya kwanza mijakaranda
ilikuwa imemwaga zambarau juu ya boneti.
Mazoea yakanishika mkono:
nikafungua mlango wa kushoto,
nikaketi kwa uzito wa mwenye lori,
nikanyoosha mikono,
nikashika hewa.
Mbele yangu kisanduku chenye risiti ya mtu nisiyemjua,
shilingi mia tatu, mafuta, Molo.
Usukani ulikuwa kule kwa Nabintu,
ambaye alikuwa akivuta mkanda, mabunda ya vitenge nyuma yake,
akijifanya hakuniona.

"Uko sawa?"
Niko sawa.
Mtihani wangu tena ni Alhamisi.

Tulipofika kwenye kipilefti, cha lami hiki, si cha ubao,
mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwepo.
Yeye akapunguza, akatazama kulia,
akangoja mkokoteni wa punda upite
na mitungi yake ya maji ikigongana bila haraka,
akaingia kushoto.