Kiluwiluwi

Usiniulize mchoro. Mchoro haukuwapo.
Palikuwa na sakafu ya karakana, Soroti,
chaki niliyoiiba shuleni,
na baba mdogo Okiria akitembea kinyumenyume
kama mtu anayepanda karanga,
akichora kiberenge kwa ukubwa wake kamili
huku visigino vikifuta kona alizokwisha chora.
Mimi nilishika taa. Nilikuwa na miaka tisa.

Kichwa kilikuwa cha basi la Mbale
lililoshindwa na maji ya Awoja.
Injini ilitoka kwenye kinu cha pamba kilichofungwa,
ikaendelea kukohoa nyuzi hadi Krismasi.
Vioo vilikuwa vya sinema iliyohamwa;
ukikaa upande wa kushoto, jua likichomoza,
neno TIKETI lilikupitia usoni kinyume,
herufi moja moja.

Mbele kipana, nyuma kimebanwa:
si mtindo, mabati yalimwishia.
Watoto wakakiita Kiluwiluwi.
Hakununa. "Hata chura," alisema,
"alianza na mkia."

Lakini ajabu ilikuwa tumboni.
Usukani mmoja, safari mbili,
na Kumi hapakuwa na pa kugeuzia.
Basi akakipa mguu:
jeki nene kama kinu, katikati ya ekseli.
Unapiga pampu mara arobaini,
kinanyanyuka, magurudumu yote hewani,
kimesimama kwa mguu mmoja kama korongo.
"Wanne washuke! Wenye nguvu, si wenye maneno!"
Wanasukuma kidogo tu,
na Kumi nzima inapita dirishani.
Mama Asekenye na kapu lake la samaki wakavu
hakushuka hata siku moja.
Alisema huo mzunguko ndio aliolipia.

Akaja bwana wa makao makuu, miwani na fomu.
Nani amebuni? Michoro iko wapi?
Okiria akaonyesha sakafu.
Ilikuwa imefagiliwa asubuhi hiyo,
kwa heshima ya mgeni.
Bwana akaandika: Asili, haijulikani.
Kisha akaomba apande.
Alizungushwa mara mbili; alicheka kama mtoto,
ila kicheko hakikuwa na nafasi yake kwenye fomu.

Misimu miwili. Halafu reli ikanyamaza,
mataluma yakawa kuni, nyasi zikapanda bila nauli.

Leo kiko Arapai, nyuma ya nyumba ya Amuge,
kuku kumi na mmoja na mkokoteni uliovunjika.
Nalala chini yake na futi kamba mdomoni,
mimi ninayelipwa kuchora matangi ya maji,
nachora hiki bure, miaka thelathini baada ya kuundwa:
upana wa kichwa, wembamba wa mkia,
jeki, ambayo kutu imeifunga
lakini imeacha grisi kidogo, nyeusi, laini bado.
Naipaka kidoleni. Nainusa.

Ndani napima viti. Vyote inchi kumi na saba,
isipokuwa kimoja, karibu na usukani,
inchi kumi na mbili na robo.
Hesabu haikai. Nafuta, napima tena.
Kuku ananitazama.
Ndipo nakumbuka debe la rangi lililopinduliwa,
"Keti hapo, usitikisike,"
na kipande cha chaki
kikigusa nyuma ya goti langu.