Nani Atakushikia?

Dukani kwa Tervo, mjini Hancock, theluji ya Aprili
ingali imelala ukingoni mwa barabara kama mbwa mzee
asiyetaka kufukuzwa.
Nimekuja na utepe wa kushonea mfukoni,
na upana wa tairi la mbele nimeuandika kiganjani:
sentimita kumi na ushee.

Tervo akapanga kabari tatu juu ya kaunta.

Ya kwanza ya plastiki, ya manjano, nyepesi kama sahani ya pikiniki.
"Hii huzuia tela lisiserereke," akasema.
Akairudisha rafuni kabla sijaigusa.

Ya pili ya bomba la chuma lililopindwa,
matundu manne ya bolti kwenye kitako.
Bei nafuu. Itabidi kuitoboa sakafu ya pikapu,
na sakafu ikishatobolewa haisahau.
Gurudumu huingia, husimama, lakini husimama kiasi:
bila mtu wa pembeni huegemea
kama mlevi aliyeambiwa anyooke.

Ya tatu niliinyanyua kwa mikono miwili.
Ina kitanda kinachocheza. Gurudumu likipanda
kitanda hubinuka, kikaukumbatia mpira mbele na nyuma,
na pikipiki hubaki wima, peke yake,
hata ukienda kunywa kahawa.
Kibandiko cha bei nilikisoma mara mbili.

"Inategemea," Tervo akasema, akifuta miwani.
"Nani atakushikia
wakati unakaza mikanda?"

Hakuuliza kwa ubaya.
Miaka thelathini na mmoja alimuuzia Urho plagi na mafuta ya mnyororo.
Kila kiangazi mkazaji ni mimi, mshikaji ni kaka yangu:
paja kwenye tangi, ngumi kwenye usukani,
akininung'unikia, "Vuta, Lempi. Vuta. Basi!
Shokomzoba nazo zinataka kupumua."
Hatukuwa na kabari. Tulikuwa na Urho.

Tangu Novemba mkono wake wa kulia umelala mapajani
kama glovu iliyosahauliwa na mgeni.
Ana maneno sita. Moja ni "hapana",
na hulitumia hata kwa ndiyo.

Mkono mmoja haulei mwana, husemwa.
Hawakusema unafanya nini na kilo mia mbili na arobaini
za chuma cha mwaka sabini na tisa,
kilichokwisha nunuliwa na kijana wa Duluth
ambaye kwenye simu aliuliza rangi tu.

Nililipia ya tatu.

Jumamosi nikaegemeza ubao, nikawasha injini,
gia ya kwanza, mimi ubavuni, natembea nayo juu
huku moyo ukinipanda kooni.
Kitanda kikabinuka: ko!
Nikaachia. Mikono yangu ikabaki hewani,
haina kazi.
Ikasimama. Wima. Haikumhitaji mtu.

Hilo ndilo lililoniuma, sikutegemea.

Mikanda minne. Mbele nikaikaza mpaka springi zikashuka nusu,
si zaidi. Nyuma nikaikaza kwa adabu.
Kila mmoja nikausokota mara moja usije ukavuma na upepo.
Urho ameketi barazani, blanketi magotini,
anafuata kila mlio wa meno ya kikazio.
Mkanda wa mwisho ukabaki na mkia mrefu.
Nikauvuta hadi barazani, nikamwekea katika mkono wa kushoto.

"Nishikie," nikamwambia.

"Hapana," akasema, akaushika.

Nilizunguka gari mara mbili bila sababu.
Niliporudi alikuwa ameuviringisha,
ameufunga fundo, kwa vidole vitano na meno.

Baada ya kilomita kumi na tano nilisimama kando ya njia,
kama mtu yeyote mwenye akili anavyopaswa kusimama.
Mkanda wa kulia ulikuwa umelegea upana wa kidole. Nikaukaza.
Fundo lilikuwa baya, la kushoto, limelowa mate.
Sikuligusa.

Ziwa lilikuwa bado na barafu upande wa kaskazini.
Mkanda mmoja ulivuma njia nzima. Sikujua ni upi.